Ladha ya Upande Mmoja

Jumamosi, 4 Machi

Leo rafiki yangu Redio kaja na biri mbili ambazo hakuna anayezijua. Hata yeye, bingwa wa kujua kila kitu, alinyamaza kidogo kabla ya kunionyesha. Redio kunyamaza ni jambo la kuandikwa.

Kazipata kazini. Lifti ya jengo la mawakili ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na ndani alikuwamo mzee mmoja msafiri na mkoba wake. Redio ndiye fundi wa lifti wa mtaa ule mzima. Alimtoa mzee kwa kumshika makwapani, kama mtoto anayetolewa kwenye beseni. Mzee hajui lugha yetu, Redio hajui yake. Mzee akafungua mkoba, akampa kijisanduku cha mbao, akamkumbatia, akaenda zake. Ndani kulikuwa na biri mbili nene, nyeusi kama mkaa. Hazina ile pete ya karatasi yenye jina la kiwanda. Hazina maandishi popote.

Tukapanda juu ya paa, kwenye kichumba cha mashine, maana ufunguo ni wake. Viti viwili, ndoo ya mchanga ya kukung'utia majivu, simu imeegemezwa kwenye kopo la rangi. Hiyo ndiyo studio yetu. Kila Jumamosi alasiri tunavuta biri na kuisema mbele ya simu: jani la nje likoje, inavutika vipi, ladha ya mwanzo, ya kati, ya mwisho, alama ngapi kwa kumi. Wafuatiliaji wetu si wengi lakini ni wagomvi.

Kwa kuwa ni mbili tu, tulikubaliana tuvute moja kwa kupokezana, nyingine ibaki. Nilikuwa nafuta ncha kwa kitambaa kila nikimpa. Akaniuliza tangu lini nimekuwa bibi harusi.

Akaanza. Udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, alisema. Halafu kahawa. Halafu, kwa mbali, ganda la chungwa lililokaushwa juani. Alifumba macho. Alisema hajawahi kuvuta kitu kama hiki, na namwamini.

Mimi nilisikia joto. Upande wa kushoto wa ulimi, joto tu, na kuchoma. Simu inatutazama. Nikasema naam, kahawa. Nikasema na ngozi ya kiatu kipya. Sijui ngozi ya kiatu ilitoka wapi.

Tumeipa tisa. Ya kwangu ilikuwa tisa ya uongo.

Kidonda cha ulimi bado kipo. Nimekigusa sasa hivi kwa ncha ya jino. Kipo.

Jumapili, 5 Machi

Maji ya chumvi asubuhi. Maji ya chumvi mchana. Dawa ya kupaka kutoka duka la dawa — ile ya tatu sasa.

Mama watoto kaniuliza mbona nimeacha pilipili. Nikamwambia jino. Akasema basi si uende ukaling'oe, au unalisubiri likuage. Binti yetu akacheka. Nikacheka na mimi, kwa upande mmoja.

Jumanne, 7 Machi

Nilifunga mlango wa duka langu la miwani, nikachukua lenzi ya kukuzia, ile ninayosomea namba ndogo kwenye fremu, nikasimama mbele ya kioo cha wateja, nikatoa ulimi. Miaka yote hii nawasaidia watu waone vizuri. Leo nimeona vizuri, na ni afadhali nisingeona. Kidogo kama punje ya mtama, kingo nyeupe, katikati pekundu. Hakina usaha. Kiko kimya. Kimya chake ndicho kinachonitisha.

Komeo kumbe halikushika. Akaingia mteja, akanikuta nimetoa ulimi kwenye kioo kilichobandikwa bei za fremu. Akauliza kwa adabu kama tumefungua.

Baba mdogo alianza hivi hivi. Alikuwa akisema kidonda cha ulimi ni uchovu. Baadaye akawa anakaa na taulo chini ya kidevu, na sisi watoto tunaambiwa tukacheze nje. Nakumbuka harufu. Sitaki kuiandika.

Nilitafuta kwenye simu. Sitafuti tena.

Ijumaa, 10 Machi

Video ya biri ya mgeni imetazamwa kuliko zote tulizowahi kuweka. Mmoja kaandika kwamba sauti ya Redio siku hizi imeiva kama biri yenyewe. Mwingine kauliza kama anakunywa kokoto. Redio kawajibu wote kwa alama za kucheka.

Mimi hakuna aliyeniandikia, isipokuwa mmoja: mzee wa miwani leo vipi, mbona kama anameza dawa?

Watu wanaona. Nilidhani najificha.

Jumamosi, 11 Machi

Nilimwambia Redio leo siwezi kupanda, nina wateja. Sikuwa na mteja hata wa dawa. Alasiri akaingia dukani na ovaroli yake, mkanda wa vifaa kiunoni, akakaa kwenye kiti cha kupimia macho. Akatoa simu. Akaniwekea pale ninaposema ngozi ya kiatu. Akairudisha. Akaiweka tena.

"Miwani," akasema, "hii ngozi umeitoa wapi?"

Nikamwambia kila mtu na ulimi wake.

"Nakujua tangu tunavuta vipisi vya kuokota nyuma ya stendi. Wewe ukionja kitu unakunja pua kwanza, halafu ndiyo unasema. Hapa hujakunja pua hata mara moja. Umesubiri mimi niseme, ukadandia."

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia. Tangu lini, kinavyochoma, baba mdogo, taulo, yote. Nilisema huku nikifuta vioo vilivyokuwa tayari safi. Nikamwomba asinicheke.

Hakucheka. Alisema fungua. Akawasha tochi yake ya kazini, ile ya kumulikia shimo la lifti, akanishika kidevu na vidole vyenye harufu ya grisi. Alitazama muda mrefu. Ndipo akazima.

"Mimi si daktari. Ila lifti ikigonga pale pale kila siku, siendi nyumbani nikasema itajitengeneza. Jumatano nina nafasi. Tunaenda wote."

Nikasema nitakwenda mwenyewe.

"Huendi. Utafika mlangoni, utasoma kibao, utarudi. Nakujua."

Kweli, nilishafika mlangoni mara moja. Hilo sikumwambia.

Jumanne, 14 Machi

Kesho. Nimekata lenzi ya mteja ndogo kuliko fremu, ikadondoka upande wa pili. Sijawahi.

Nimemwambia mama watoto, hatimaye. Alikuwa anakunja nguo. Aliacha kukunja. Akasema mficha maradhi kilio humfichua, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananitajia bei ya sabuni. Kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, na sikusikia hata chombo kimoja kikigongana.

Jumatano, 15 Machi

Niandike polepole.

Daktari wa kinywa ni mama mmoja mwenye mikono midogo na miwani iliyolegea mkono wa kulia. Nilikaa kwenye kile kiti kinacholala chali na kitu pekee nilichokitazama ni ile miwani. Redio alikataa kubaki nje. Alisimama ukutani na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

Alinigusa, akakandamiza, akaniuliza mambo, akanishika shingo huku na huku. Nilihesabu matundu ya dari nikapotea. Halafu akachukua kijioo, akasema, "Hili gego limevunjika lini?"

Sikujua kama limevunjika. Limemeguka upande wa ndani, kuna ncha kali kama chupa. Kila nikiongea, kila nikitafuna, ulimi unapita hapo. Kidonda hakiponi kwa sababu kila siku kinakatwa upya. Akaisugua ile ncha kwa mashine mpaka ikawa laini. Akasema nirudi baada ya wiki mbili. Kisipopona ndipo atachukua kipande akipime. Lakini kwa anavyoona yeye, kitapona. Na biri — basi. Hapo alinitazama juu ya miwani yake.

Mwili mzima ukaniachia. Nilitaka kumtengenezea ule mkono wa miwani bure, palepale.

Redio akapiga kofi ukutani kwa furaha. Akasema, "Daktari, na mimi nisugue basi, nimekuja na mgonjwa, nipate cha wasindikizaji."

Mama yule alikuwa ananawa mikono. Akaacha bomba likimwagika, akageuka.

"Hiyo sauti una mafua?"

"Hii? Hii ndiyo sauti yangu ya kazi. Watu wanaipenda."

"Tangu lini iko hivyo?"

"Nilipiga kelele kwenye shimo la lifti, vumbi lile..."

"Tangu lini, baba?"

Redio akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Akasema tangu kabla ya mvua za vuli. Mvua zimeshakwisha. Daktari akamwambia akae. Kwenye kiti changu, bado kina joto langu. Akamshika shingo, chini ya taya, akapita, akarudi, akasimama mahali pamoja upande wa kulia. Vidole vyake havikuondoka pale. Redio alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana.

Aliandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa koo. Akasema: wiki hii, si mwezi huu. Redio akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni pamoja na bisibisi.

Nje jua lilikuwa kali. Redio alinipiga begani: umepona, mzee, umepona. Akaninunulia soda. Mimi nilikuwa na furaha, kweli nilikuwa nayo, na kila nilipomeza soda, ile furaha ilikuwa inakwama mahali.

Alhamisi, 16 Machi

Nimempigia mara tatu. Lifti ya benki imekwama. Lifti ya maktaba inalia. Kesho ana ukaguzi. Karatasi anayo, anasema, haina miguu.

Ijumaa, 17 Machi

Dukani hakukuwa na watu. Nikafungua ukurasa wetu, nikaanza kutazama video za nyuma. Sikuwa natazama. Nilikuwa nasikiliza.

Za mwanzoni mwa mwaka jana: sauti nzito, safi, inajaza kile kichumba mpaka mashine inaonekana kama inamsindikiza. Halafu kama ana ukungu kidogo. Halafu mkwaruzo mwisho wa sentensi. Halafu anakohoa, anaomba radhi, anasema biri hii ina pilipili. Ile biri haikuwa na pilipili, niliivuta mimi. Halafu anakatiza maneno na kumeza, na anapomeza anainamisha kichwa upande. Kila mara. Upande uleule.

Mimi nimekaa kiti cha pili katika video zote. Nacheka. Napunga mkono. Mwezi mzima uliopita ulimi wangu ulikuwa umeniziba masikio.

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nisiongee na mtu.

Jumamosi, 18 Machi

Nilipanda paani bila kuitwa. Alikuwako. Viti viwili vimekaa kama kawaida, ila simu haikuwa kwenye kopo. Ile biri ya pili mkononi mwake, haijakatwa.

Nikasema, "Usiwashe."

"Hii si ya kamera," akasema. "Na wewe nimekukataza, usiombe."

Akaikata vizuri, kwa utaratibu, kama siku zote. Akaiwasha akiizungusha ili moto uenee. Nilitaka kumnyang'anya. Mtu mzima humnyang'anyi kitu mkononi — ndivyo nilivyojiambia, lakini ukweli ni kwamba nilimwogopa. Sijawahi kumwogopa Redio.

Akavuta mara moja. Akaushikilia moshi mdomoni. Akautoa. Nilingoja aseme udongo, aseme kahawa. Alivuta mara ya pili. Nyuma yetu mashine ikazunguka, mtu anapanda ghorofani, ikanyamaza.

"Inasemaje?" nikamwuliza.

"Haisemi."

Akaichomeka kwenye mchanga, kichwa chini, ikiwa karibu nzima. Akakaa anaitazama. Kisha akaanza kuongea, na aliongea polepole, si kama yeye. Kumeza kunauma. Si kidogo. Mkate anauloweka kwenye chai. Nyama anaitafuna halafu anaitema kwenye leso wakati mkewe, shemeji yangu, hatazami. Shemeji anadhani anapunguza tumbo, hata kamsifu. Sikio la kulia linavuta. Na kuna kivimbe, anakijua, anakijua tangu siku nyingi kabla ya vidole vya daktari. Anafunga kola kukificha.

"Kwa nini ulinikokota mimi, basi?" nilimwuliza. "Ulikuwa unajua lako, unanikokota mimi?"

"Lako niliweza kuliangalia."

Upepo ulipita kwenye matangi ya maji. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Naogopa, Miwani." Kwa sauti ile ambayo watu wanaisifia.

Nikasogeza kiti changu mpaka miguu ya viti ikagusana. Nikamwambia Jumatatu naja kumchukua mlangoni kwake, asubuhi, na asiponifungulia nitakaa kizingitini na kuimba. Anajua ninavyoimba. Akatikisa kichwa kukubali.

Kaniomba jambo moja. Nisimwambie mkewe. Shemeji ana moyo mwepesi, anasema, tumpe habari ikiwa na kichwa na miguu. Nimekubali. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumapili, 19 Machi

Ulimi unapona. Nimekula pilipili, nimeisikia pande zote mbili. Mama watoto alinitazama nikila, akasema Mungu mkubwa. Kisha akaona machozi, akadhani ni ya pilipili.

Nimemwambia ya Redio. Niliahidi kutomwambia shemeji tu, mama watoto hakutajwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Na mkewe anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Ninyi wanaume mna wazimu," akainuka, akaniwekea chai.

Jumatatu, 20 Machi

Naandika hapa hapa kwenye benchi. Mikono inataka kazi.

Alinifungulia mlango kabla sijabisha. Shati jeupe, kola imefungwa hadi juu. Shemeji kashaondoka kwenda kazini. Njiani hakusema kitu, isipokuwa tulipoingia lifti ya hospitali: alisikiliza, akasema kamba zake zinataka mafuta. Nikashukuru. Nilidhani Redio yule bado yuko.

Korido ndefu, rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta. Harufu ya dawa ya sakafu. Watu wameshikilia mafaili yao kama watu walioshika watoto wa watu. Mwanamke mmoja anaongea kwa kuandika kwenye kibao kidogo. Ana kitambaa shingoni. Anamwandikia mwanawe kitu na wote wawili wanacheka. Redio alimwangalia. Akageuza uso. Akamwangalia tena.

Wakamwita. Akanipa funguo zake zote, simu, na mkanda. Akaingia.

Wamempitisha chumba cha kwanza, watapitisha kamera puani mpaka kooni, ndivyo alivyoniambia aliyekaa jirani yangu. Haiumi, kasema. Inaudhi tu.

Bado yuko ndani. Mtu aliyeingia baada yake, mlango wa pili, ameshatoka.

Simu yake imeita. Jina la shemeji. Nimeiacha. Imeita tena. Nimeiacha. Ikaanza kuita ya kwangu.

Nimepokea. Nikasema habari za kazi, shemeji. Akasema, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema tuko mjini, kuna lifti. Nilisema haraka mno.

Akasema, "Shemeji, mimi nalala na yule mtu. Namsikia anavyomeza mate. Leso nafua mimi. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Moyo mwepesi, alisema Redio. "Niambie hospitali ipi, au nizunguke zote?"

Nikamwambia. Nimevunja ahadi na nimepumua, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Yuko njiani.

Redio katoka kile chumba cha kamera, kapita mbele yangu na nesi, pua nyekundu, macho yamejaa maji. Kaninyooshea dole gumba. Wamemwingiza kwa daktari mkubwa, mlango wa mwisho. Sikuwahi kumwambia kwamba mkewe anakuja. Mlango ulifungwa kabla.

Mwanamke wa kibao kanisogezea kibao chake. Kaandika: ndugu yako? Nikaitikia kwa kichwa. Akafuta, akaandika: usimwache aingie peke yake kusikia. Nikamwambia ameshaingia. Ameniwekea mkono juu ya goti.

Shemeji kapiga. Yuko getini, anauliza apite wapi. Nimemwelekeza: ngazi, kushoto, korido ya kijani.

Nesi kafungua mlango wa mwisho. Kauliza nani kaja na fundi wa lifti. Nimesimama. Kauliza mimi ni nani wake, nimesema ndugu yake. Kasema daktari angependa ndugu aingie. Nimemwambia mkewe anapanda ngazi sasa hivi, tunaweza kumsubiri? Nilitegemea aseme hapana, foleni ni ndefu, watu ni wengi, daktari ana haraka.

Kasema sawa, tumsubiri, itakuwa bora hivyo. Kasema kwa upole mkubwa. Kisha kaja hapa kwenye benchi, kachukua kiti cha pembeni, kakiingiza ndani. Sasa karudi, anachukua cha pili, cha shemeji.